Cheti cha tabia njema kupitia Huduma Centre, Kisumu na Nakuru: bei, vidole na tarehe

Muuguzi anayeenda Uingereza, aliyebahatika na Green Card ya Marekani, familia inayohamia Kanada: wote hukutana na sharti moja, cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Kwa mkazi wa Kisumu, Nakuru au Kakamega, safari ya kwenda makao makuu ya DCI kule Kiambu Road si lazima tena. Alama za vidole zinachukuliwa Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, na cheti chenyewe unakipakua eCitizen, tovuti ya serikali. Ni huduma nzuri na tunaipendekeza bila kusita. Wanaorudishwa mara nyingi huangushwa na karatasi waliyobeba, au vidole vyao, au tarehe.

Gharama ni shilingi 1,050, yaani 1,000 za cheti na 50 za eCitizen, na hulipwa kwa M-Pesa kupitia paybill 222222. Hakuna ada nyingine ya serikali. Anayekuitisha elfu tano nje ya mlango ili "aharakishe" anakuuzia hewa, maana foleni inayochelewesha cheti iko Nairobi na yeye hana mkono huko.

Maombi yanaanzia kwenye akaunti yako ya eCitizen, upande wa DCI. Ukishajaza na kulipa, unapata ankara na fomu ya vidole, C24. Fomu hiyo ni lazima ichapishwe mbele na nyuma kwenye karatasi moja. Saiba nyingi (maduka ya intaneti) huichapisha kwenye karatasi mbili, na hapo unarudishwa kabla hata hujaguswa kidole. Angalia kabla hujalipa saiba. Jambo kubwa zaidi ni hili: usikubali kijana wa saiba akufungulie akaunti kwa namba yake ya simu au barua pepe yake. Siku cheti kikitoka, msimbo wa kuingilia utatumwa kwake, na huenda wakati huo ameshahama mtaa. Tumia laini yako mwenyewe hata kama ni yeye anayekuandikia.

Jina lijazwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Huku kwetu kuna akina Ochieng', Ong'ondo na Ng'eno, na kile kialama cha juu huleta maswali yasiyo na sababu. Kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa pasipoti unaosomwa na mashine, kialama hicho huachwa kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, kwa hiyo tofauti hiyo peke yake isikutishe. Kinacholeta shida kweli ni jina zima kuwa tofauti, kwa mfano mama ambaye kitambulisho chake kina jina la mume lakini pasipoti bado ina la baba. Mwenye hali hiyo asawazishe hati zake kwanza, au ajiandae kuambatanisha cheti cha ndoa kwenye maombi ya viza.

Sasa vidole, maana hapa ndipo kazi ilipo. Siku ya miadi unabeba kitambulisho halisi na nakala yake, ankara, na ile C24. Afisa anapaka wino na kuviringisha kila kidole kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi ukingo wa pili. Anafanya hivyo kwa sababu wachunguzi wa Nairobi wanahitaji mikondo ya pembeni pia, ile ya katikati haitoshi. Kisha vidole vinne vya kila mkono vinagandamizwa bapa kwa pamoja, na gumba peke yake. Alama hizi bapa ndizo zinazoonyesha kama kuna kidole kilichoingia kwenye kisanduku kisicho chake. Legeza mkono kabisa, mwachie afisa auendeshe. Wanaojaribu kumsaidia kwa kusukuma kidole ndio wanaoacha doa lililopakaa.

Kuna watu ambao alama zao hazitoki vizuri hata afisa awe hodari namna gani: mafundi wa mjengo wanaoshika saruji, wakata miwa wa Muhoroni na Mumias, akina mama wa Obunga wanaoparua samaki kila siku na kukaanga mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyotolewa minofu), na wanaofua kwa sabuni kali. Mistari ya ngozi imelika, haijapotea. Ipumzishe mikono wiki moja au mbili kabla ya miadi: vaa glavu za mpira kazini, na upake mafuta ya kujipaka kila usiku. Lakini asubuhi ya miadi usipake chochote. Osha kwa sabuni, kausha vizuri, kwa sababu mafuta na jasho huufanya wino uteleze. Kwa joto la Kisumu, beba kitambaa na ujifute kabla ya kila mkono. Kabla fomu haijachukuliwa, itazame: mistari iwe inaonekana mmoja mmoja. Ukiona kidole kimekuwa doa jeusi tupu, wino umezidi na umejaza mifereji. Omba kwa heshima kirudiwe hapo hapo. Fomu ikikataliwa Nairobi, ni kuanza upya na kungoja tena.

Tarehe ndiyo inayowauma wenye haraka, wale wanaokimbilia cheti kabla ya hati nyingine zote. Kwa ukaazi wa kudumu Kanada, cheti cha nchi unayoishi sasa kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kuwasilisha maombi. Australia kwa kawaida huhesabu miezi 12 tangu kilipotolewa. Viza ya uhamiaji ya Marekani inakubali hadi miaka 2. Uingereza hukidai kwa wanaokwenda kwenye kazi za afya, elimu na utunzaji wa jamii. Kwa hiyo mtihani wa lugha na barua ya mwajiri vitangulie, halafu cheti, ukikiwekea nafasi ya mwezi mzima.

Usijaribu cheti cha kuchongwa. Kile halisi kina msimbo wa QR, na afisa wa ubalozi anaukagua kwa sekunde chache. Kanada humfungia mlango aliyedanganya kwa miaka 5, Uingereza inaweza kumfungia mlango kwa miaka 10. Kama uliwahi kushtakiwa ukaachiliwa, chukua mapema nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na mahakama, uiwasilishe DCI.

Na kwa wa Busia na Malaba: cheti cha Kenya hakizungumzii maisha yako ya ng'ambo ya mpaka. Ukiwa umeishi Uganda miezi 6 mfululizo ndani ya miaka 10 iliyopita, tangu utimize miaka 18, Kanada itadai cha Uganda pia. Uingereza huanzia miezi 12, hata isiyofuatana. Cheti cha Uganda hutolewa na ofisi ya Interpol ya polisi wa Uganda, Kampala, na Huduma Centre haiwezi kukusaidia nacho. Waliofanya kazi Qatar au Saudia waulizie cha huko kabla hawajaondoka, kwa sababu kukipata ukiwa umesharudi nyumbani ni kazi nzito.