Zulia la kamba na khanga kwa cherehani ya nyumbani, uzoefu wangu

Mpaka sasa nimeshona manne, yale mazulia ya kuvika kamba kitambaa halafu unaizungusha na kuunganisha kwa zigizaga, ule mshono unaokwenda kushoto na kulia. Mawili ninayo ndani, moja nimempa wifi yangu, la kwanza nililifumua lote.

Cherehani ninayotumia ni ya umeme ya kuweka mezani, mtumba, na nilichotaka pale ni zigizaga tu, maana zile nyeusi za kukanyaga tulizokua nazo nyingi zinapiga mshono ulionyooka, haziwezi kushika kamba mbili zilizolala pamoja. Naweka upana 5 urefu 3. Sindano namba 16 ya jinzi, nilianza na 14 ikavunjika mara mbili siku moja. Na jaza bobini tano sita kabisa kabla hujakaa, uzi unaenda huo jamani, hutaamini.

Kamba sasa. Kuna duka niliuziwa kamba nyeupe laini naambiwa pamba, nikavika, nikashona jioni nzima, nilipopitisha pasi ya moto ikayeyuka ndani kwa ndani pakawa pagumu kama plastiki, na ni plastiki kweli. Nililia. Siku hizi naomba kipande kidogo nakichoma kwa kiberiti hapohapo dukani, pamba inaungua kama karatasi inabaki jivu, plastiki inajikunja inatoa kidonge kigumu. Muuzaji akikataa naondoka.

Kitambaa natumia khanga zilizochakaa na vipande vya vitenge anavyonipa fundi wa mtaani kwetu, nakata sm 4 kwa kamba ya milimita 8. Khanga nyekundu iloweke na uifue kwanza, inachuja vibaya sana.

Vipimo ni rahisi, kama unataka zulia la duara refu kama yai, la sm 90 kwa 60, toa 60 kwenye 90, ile 30 inayobaki ndo urefu wa mstari wa kwanza wa katikati, kisha unazunguka tu. Kamba ikishavikwa inafika kama sm 1 kwa hiyo andaa mita 46 hivi, mi la pili lilinikatikia pembeni kabisa ikabidi niunge.

Sasa lile la kwanza, mbali na habari ya pasi, lilikuwa limeshaanza kuinuka kingo kama ungo, kila nikizunguka linazidi, nikawa najiambia labda uzi umekaza, nikalegeza, wapi. Nikampigia bibi yangu yupo Pangani, yeye amesuka ukili, ule utepe wa majani wa kushonea mikeka, na kushona mikeka yenyewe toka msichana, nikamwamkia nikamweleza. Akaniuliza, "Kwenye kona unavuta?" Nikamwambia bibi lazima nivute ili ishikane. Akasema, "Mjukuu wangu, ukili hauvutwi kwenye kona. Ukiuvuta mkeka unasimama. Ulishe, uache ujilaze wenyewe." Yaani ni kitu kilekile! Mkeka nao ni ukili mmoja mrefu unazungushwa unashonewa pembeni mwake, tofauti mimi nina injini.

Basi nikifika kwenye kona napunguza mwendo, kamba naisukuma kidogo kuelekea sindano badala ya kuikaza, na uzito wa zulia nauegemeza kwenye stuli upande wa kushoto lisining'inie, maana likining'inia nalo linavuta. La pili lililala chini kama limepigwa pasi, niliita watoto waje waone.

Kufua nafua kwa mkono, kukauka ni siku mbili, usilianike kwenye kamba likiwa limelowa litapinda, litandaze.

La mlangoni linakanyagwa tangu mfungo uliopita, mshono hata mmoja haujaachia. La tano nimeanza juzi, ni la bibi, nataka aweke miguu akiamka.