Tapu imekatikia ndani ya tundu: ununue nini kwanza, na nini ukiache dukani

Nianze na onyo kwa wale mnaosoma hii mkiwa tayari mmesimama kaunta ya duka la vifaa: usinunue iziauti, ile skrubu ya kutolea bolti zilizokatika. Najua muuzaji atakuletea hiyo kabla hata hujamaliza sentensi, maana ukimwambia kuna kitu kimekatikia ndani ya tundu yeye moja kwa moja anawaza bolti, na kwa bolti yuko sahihi kabisa. Ila tapu, kile kifaa cha kukatia nyuzi za bolti ndani ya tundu, sio bolti bana. Bolti ni chuma laini, unaitoboa katikati, unapachika iziauti, inang'ata, inatoka. Tapu ni ngumu sawasawa na biti yako ya HSS (chuma kigumu cha kukatia vyuma), kwa hiyo hata hilo tundu la kuipachikia hulipati, biti inateleza juu tu inalia mpaka inaungua ncha. Na wale wanaoilazimisha iingie kwenye mifereji ya tapu, iziauti nayo inakatika humo humo, na sasa una vyuma viwili vigumu kwenye tundu moja.

Haya. Listi hii ni kwa mtu mwenye kibanda cha kazi nyumbani, ana drili, jiliwa, grainda, labda na mashine ya kuchomelea. Sio kiwanda. Na kabla hujatoa hela yoyote angalia kitu chenyewe ni cha chuma gani, hilo ndilo linaamua karibu kila kitu. Alumini na brasi zina njia yake, chuma na kasti (chuma cha kumimina) zina njia nyingine. Halafu saizi: kitakachofanya kazi kwa M10 (ya bolti ya mm 10) kwa M4 kinaweza kukuharibia kabisa.

Namba 1: biti ya kabaidi

Kama ni kitu kimoja tu utanunua, nunua hii. Kabaidi ya tungsteni ni ngumu kuliko HSS kwa mbali, inaikata tapu kweli, haitelezi juu tu. Na habari njema ni kwamba huhitaji kuitoboa tapu yote. Tapu ina mifereji pembeni na kiini katikati, wewe unakifuata kiini tu, kikishaliwa yale meno matatu au manne yanabaki yameachana, unayachokoa na sindano nene au sumaku. Kwa tapu ya M6 biti ya mm 2.5 au 3 inatosha, M8 nenda 3 mpaka 4. Usiende kubwa kwa tamaa, ukigusa nyuzi za kitu chenyewe umejiongezea kazi.

Zipo za aina mbili na hapa ndipo watu wanapigwa. Kuna biti ambayo ni kabaidi yote toka ncha mpaka mkia, hiyo ni ya drili ya kusimama tu, kitu kimefungwa hakitikisiki, maana kabaidi haipindi hata kidogo, ukiitia kwenye drili ya mkono mkono ukicheza kidogo tu inavunjika tap, na kuitoa hiyo ni shida kuliko tapu. Kama huna drili ya kusimama usiinunue, haijalishi imeshuka bei kiasi gani.

Ya pili ni ile ya kutobolea ukuta. Ndiyo, ile ile ya tofali na zege. Ncha yake ni kipande cha kabaidi kimechomelewa kwenye shina la chuma cha kawaida, na shina linavumilia mkono kucheza. Shida yake ni butu, imetengenezwa kugonga zege sio kukata chuma, kwa hiyo lazima uinoe iwe na makali ya kweli, na jiwe la kawaida la kijivu la grainda haliliwezi hilo, unahitaji jiwe la kijani au diski ya almasi. Zima hama ya drili (ule mpigo wa kugonga), mwendo wa wastani, kandamiza kwa uhakika usiiache inasugua tu, na usimwagie maji ikishapata moto, kabaidi ikipoa ghafla inapasuka. Kwa hela yake mimi sijaona kitu kinachoishinda, na inapatikana kila duka la ujenzi kuanzia Kariakoo mpaka Kamukunji.

Moja zaidi hapa: tapu ikikatika haiachi uso ulionyooka, inaacha mteremko, na biti itaukimbia huo mteremko iende kula alumini pembeni. Kwanza sawazisha juu na kijiwe cha almasi (nakuja huko) ndiyo utoboe.

Namba 2, au namba 1 kama ni alumini: shabu

Shabu hii hii ya sokoni, ile mawe meupe ya kusafishia maji na ya vinyozi. Maji ya moto yaliyojaa shabu yanakula chuma taratibu na kuiacha alumini na brasi karibu kama zilivyo. Mafundi saa wanaitumia siku nyingi kutoa skrubu zilizokatikia kwenye sahani za brasi, sio uchawi wa mtandaoni.

Kwa hiyo kama ni kava ya injini ya bodaboda, na zile bolti za M6 ndio zinasumbua wengi, nunua shabu, chombo cha kioo au cha udongo kinachovumilia moto, na uvumilivu. Unayeyusha mpaka maji yakatae kuyeyusha zaidi, unatumbukiza, unaweka moto mdogo yawe karibu na kuchemka. Utaona vipovu vinatoka kwenye tapu, hiyo ni haidrojeni, kwa hiyo fanyia nje na usiwashe sigara juu yake. Kila baada ya muda sugua ule uchafu mweusi kwa brashi, ongeza maji, ikichoka badilisha. Sio kazi ya lisaa limoja, ni ya siku nzima na kuamkia, na tapu ya HSS kwa kawaida inachelewa kuliko ya chuma cha kaboni.

Sasa sikiliza vizuri: maji hayo hayachagui chuma kipi ni chako na kipi ni cha tapu. Bearingi, pini, stadi, vyote vitoke kwanza. Na silinda ya pikipiki yenye slivu (bomba la ndani) ya kasti usiitumbukize kabisa, utatoa tapu na silinda umeua. Kama kitu ni kikubwa hakiingii chomboni, watu wanazungushia kijiukuta cha udongo kwenye tundu na kujaza maji ya shabu humo, inafanya kazi ila pole pole mno kwa sababu yanapoa. Na hicho chombo kisirudi jikoni.

Kwa kitu cha chuma au kasti shabu sahau, itakula vyote pamoja.

Namba 3: nati na mashine ya kuchomelea

Hii kama mashine unayo hununui kitu zaidi ya nati. Unaweka nati juu ya kisiki cha tapu, unachomelea ndani ya nati ushike tapu, unaacha ipoe, unazungusha na spana kidogo mbele kidogo nyuma. Ule moto wenyewe unasaidia kulegeza. Kama kitu ni alumini basi afadhali zaidi, weldingi ya chuma haishiki alumini kwa hiyo tone likianguka pembeni halijiungi nayo.

Mbona basi iko namba 3? Kwa sababu ya saizi. M8 kwenda juu unapata pa kushika, M6 ni bahati, chini ya hapo usijisumbue. Na tapu ni chuma kinachopasuka kirahisi, mara nyingi weldi inashika halafu inaondoka na kipande tu. Kama tapu imekatikia chini sana ndani, unajenga kisiki kwa matone matone na mig (mashine ya kuchomelea ya waya) mpaka kifike juu, na hiyo inataka mkono. Usinunue mashine kwa ajili ya tapu moja, peleka kwa fundi wa kuchomelea, lakini mwambie kabla kwamba ni tapu sio bolti ili asije akaongeza moto bure. Kama kitu bado kiko kwenye chombo cha moto toa waya wa betri kwanza.

Namba 4: kitoa tapu chenye vidole

Kiko kifaa kimetengenezwa hasa kwa kazi hii, Wamarekani Walton ndio wanajulikana nacho. Kina vidole vyembamba vya chuma vinavyoingia kwenye mifereji ya tapu, unashusha pete mpaka iguse kitu, halafu unazungusha. Unasoma maelezo yake unajiambia hiki ndicho. Tatizo, kinafanya kazi vizuri pale tapu ilipokatika kwa kupindishwa pembeni na yenyewe haijakwama. Ila tapu nyingi zinakatika kwa sababu zimekwama, chenga za chuma kilichokatwa zimejaa, na hapo vidole vinajikunja kama uma wa plastiki.

Ukitaka kununua, nunua saizi moja unayoitumia sana, usinunue seti nzima. Na uangalie idadi ya mifereji, tapu ya mifereji mitatu haiingii kitoa cha minne hata kama zote ni M6. Kopi za bei rahisi vidole vyake ni laini, ziache. Kabla ya kukipachika puliza chenga zote zitoke kwa kompresa, miwani ikiwa usoni, tia mafuta.

Na kuhusu mafuta, WD-40 na wenzake: watu wanalowanisha usiku kucha wakitegemea muujiza. Hayo ni ya kutu. Tapu yako haijashika kutu, imebanwa na chenga. Paka yalainishe, ila usikae unayasubiri.

Zinazobaki

Vijiwe vya almasi vya kagrainda kadogo ka mkono (Dremel au hizi zisizo na jina) vinauzwa seti kwa bei ndogo na vinakula tapu kweli, polepole, ukivilowesha maji. Kwa M4 na M5 wakati mwingine ndio njia pekee. Mimi nasema uwe navyo hata kama hutavitumia peke yake, kwa ile kazi ya kusawazisha niliyoitaja.

Panchi ngumu na nyundo, bure kabisa: tapu inapasuka vipande ukiigonga. Kwenye kasti au chuma, tundu la kutokea upande wa pili, jaribu. Kwenye alumini utaharibu tundu. Miwani sio ombi, vipande vinaruka.

Kuchoma kwa gesi ili tapu ilainike, hapana. HSS imetengenezwa ibaki ngumu hata ikiwa nyekundu, na alumini inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi, fikiria kipi kitaanza.

Halafu kuna mashine ya cheche, EDM. Cheche za umeme zinakula tapu ndani ya maji au mafuta, ugumu wake hauhesabiki, na nyuzi za kitu chako haziguswi. Ndiyo njia safi kuliko zote na wala sio ajabu: miaka ya 1940 Wamarekani walitengeneza mashine ya namna hii kwa sababu ya tapu na biti zilizokatikia kwenye alumini. Za kubeba mkononi zinaagizwa toka China ila ni mamia ya dola, kwa kibanda cha nyumbani hapana. Badala yake uliza maeneo ya viwanda, Dar au Nairobi, wale wanaotengeneza moldi za plastiki, wengi wanayo ya mezani, unalipia tundu lako tu. Kama kitu ni cha bei, silinda hedi kwa mfano, anzia hapo kabla hujakitia mikono.

Ukishaitoa

Nyuzi zikiwa zimeharibika nunua Helicoil, springi ya waya inayokaa ndani ya tundu ikawa nyuzi mpya. Chukua seti yenye biti na tapu yake humo humo ndani, maana tapu yake sio ya kawaida, na ya M6 inataka tundu la karibu mm 6.3.

Na tapu mpya sasa. Achana na zile seti za chuma cha kaboni zenye vipande arobaini kwenye boksi la plastiki, nunua tatu za HSS unazozitumia. Tundu la kutokea chukua yenye ncha inayosukuma chenga mbele, tundu lisilotokea chukua yenye mifereji ya kuzunguka, hiyo inazivuta juu. Biti za kutangulia: mm 5 kwa M6, 6.8 kwa M8, 8.5 kwa M10, na kama huna 6.8 tumia 7 usitumie 6.5, nyingi zinakatikia hapo. Mpini uwe wa pande mbili, maana ukizungusha kwa spana ya upande mmoja unaipinda tapu bila kujua.