Dola 140 ili mama aone ziwa tena: vijana ba kupunguza miti hapa Bukavu

Nianze na bei, juu najua njo mutauliza kwanza. Dola 140, kazi ya siku moja na nusu, mti mumoja wa avoka, na mti wenyewe si wangu hata.

Sisi tunakaa Muhumba, fasi ya mtelemko, barza yetu inaangalia ziwa Kivu. Ao tuseme ilikuwa inaangalia. Tulipohamia, ule mti wa jirani wa chini ulikuwa haujapita ukuta, nani angeufikiria. Miaka tisa kiisha, ukuta wa majani. Muntu asiyekaa huku atasema si maji tu, shuka uyaone. Apana. Mambo iko magaribi, wakati mitumbwi inatoka mitatu mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu kwenda kuvua sambaza, bale basamaki badogo, giza ikiingia banawasha taa na Kivu yote inakuwa kama mji mwingine. Mama yangu alikuwa anahesabu zile taa kila jioni. Mwezi ukiwa mkubwa anaingia kulala mapema, juu anajua bavuvi habatoki, mwanga wa mwezi unashinda taa zao na sambaza haikusanyiki. Mwaka jana akaanza kuhesabu majani. Hakusema kitu, lakini siku moja nikakuta kiti chake amekigeuza kinaangalia mlango wa jikoni.

Nikashuka kwa jirani. Nilikosea kushuka na hasira, naungama. Papa jirani akanijibu kifupi: "Mama, ziwa si yako, avoka ni yangu." Na bibi yake akaongeza kutoka ndani kwamba ule mti njo unalipa minerval ya batoto, bamama ba soko ya Kadutu banakuya kuchukua avoka kwa mabasani, kwa hiyo nikiutaka chini nitafute pia nani atalipa masomo. Wiki tatu hatukusalimiana. Usiku avoka zinaanguka kwa mabati yetu, pam! pam!, asubuhi batoto bangu banaziokota, bale ba chini banalia wizi.

Kaka yangu anakaa Ufaransa, nikamueleza kwa WhatsApp akacheka sana halafu akanitumia sheria ya kwao. Kule mti unaopita metre 2 kwa urefu unapaswa kupandwa angalau metre 2 kutoka mpaka, labda kama kuna desturi ya fasi ile ao kanuni ingine, na mti ukiisha kuzidi ule urefu miaka 30 bila muntu kulalamika basi umeshinda. Tawi likiingia kwako unaweza kumlazimisha jirani alikate, lakini weye mwenyewe usiguse. Mizizi ndiyo unaweza kuikata, mpaka fasi ya mpaka. Na tunda lililoanguka lenyewe kwako ni lako! Hiyo ya mwisho niliwasomea batoto kwa sauti kubwa, dirisha wazi, nikijua vizuri kabisa tuko Bukavu si Lyon. Huku Kongo sheria ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, lakini jaribu kumwambia hivyo muntu mwenye avoka. Shefu wa avenyu alikuya, akakunywa soda yake, akasema muelewane.

Sasa kuhusu hawa vijana. Hawana jina wala kibao, ni kikundi ya bantu bane na muzee mumoja njo mukubwa wao, nilipewa namba na mama mumoja wa kanisa. Niliogopa juu mbele yao nilikuwa nimeshatumia bengine, kwa kalitusi yangu mwenyewe ya kona. Bale balikuya na tronsonezi, masini ya kukata miti, bakakata kichwa nusu saa, bakalipwa, bakaenda. Mvua mbili tu, kalitusi ikatoa mashina saba pale pale palipokatwa, ikawa sawa fagio imegeuzwa juu, mnene kuliko mwanzo. Na magogo balitupa mu rigoli, mfereji wa maji ya mvua. Kwa hiyo mukisikia muntu anasema "nitakata kichwa na utaona kila kitu", mumukimbie. Mti uliokatwa kichwa unarudi na hasira.

Huyu muzee alikuya bila panga. Akauliza, nani njo anaangalia ziwa? Nikamuonyesha mama. Akaomba akae ku kiti cha mama, akakaa pale kama dakika kumi bila kusema, mie nawaza nimepata mgonjwa mwingine. Kumbe anaangalia mti kutoka macho ya yule atakayeangalia. Kiisha akatuma kijana mumoja apande na kitambaa chekundu ku fimbo, mama akarudi ku kiti, na kila fasi kitambaa kinapofika anapiga kelele "hapo! hapo! acha, rudi, hapo!" Matawi kumi na moja. Kumi na moja tu, mti mzima ule. Sikuamini.

Lakini huyo kijana alipanda wakati muzee alikuwa ameshaomba ruhusa kwa mwenye mti, na kukata akakataa kabisa mpaka papa jirani awe pale amesimama. "Sikati mti wa muntu kama hayuko." Akamueleza mambo ambayo mie ningemueleza mwaka mzima asinisikie: avoka inatoa maua ku ncha za matawi, ukikata ovyo umekata mavuno, kwa hiyo bangojee matunda yaliyoko yavunwe kwanza, kiisha atoe matawi ya katikati na yale ya chini, asiguse zaidi ya robo ya mti. Tukangoja wiki sita. Nilikasirika hapo, sisemi uongo, lakini papa jirani akakubali siku ile ile.

Nikauliza, na mukiutoa wote, si ni bei gani? Muzee akaangalia mtelemko, akaangalia ukuta wetu wa mawe, akaniuliza: "Mama, unataka kuona ziwa ao unataka kwenda ku ziwa?" Hakuna mutu wa Bukavu asiyeelewa hiyo. Mizizi ya ule mti njo inashika ile udongo chini ya barza yetu, na bale bameona kule Funu, kartiye ya hapa Bukavu, udongo unavyotembea habahitaji maelezo.

Kazi yenyewe nzuri. Kila tawi kubwa banalikata kwanza kidogo upande wa chini, kiisha juu, ili lisichane ganda ya mti likianguka, na banaliteremsha na kamba. Mwisho bakapaka chokaa fasi zilizobaki wazi, juu ganda ya avoka ikizoea kivuli inaungua na jua. Kuni zote zilibaki kwa jirani, hiyo ilikuwa sehemu ya mapatano.

Sasa mabaya. Balichelewa siku mbili na telefone imefungwa. Petroli ya masini iliisha katikati ya kazi, bakanigeukia mie, dola 8 zaidi ya devi, ile bei tuliyopatana mbele ya kazi, na mambo ya risiti musiniulize. Tawi moja lilitoboa bati mbili za nyumba ya kuku ya jirani, balilipa moja, ingine nililipa mie ili vita isianze upya. Na upande wa jirani balifagia mpaka jani la mwisho, upande wangu, ambao njo nililipa, baliacha unga wa mbao mpaka ku nguo zilizoanikwa.

Matokeo? Si ziwa yote. Ni dirisha, tena dirisha lenye majani pembeni, taa za upande wa Rwanda hazionekani kabisa. Ila kiti kimegeuzwa tena. Juzi mama alihesabu ishirini na moja, akanituma nikahakikishe, nikapata kumi na tisa, tukabishana. Papa jirani ananisalimia. Bibi yake bado, na avoka zinaendelea kupiga mabati.

Natoa nyota nne kwa tano. Mukibaita, muite kiangazi, Juni mpaka Agosti, ngazi haiteleze. Akonti, pesa ya kutanguliza, isipite nusu. Petroli iandikwe mu devi. Na nguo mutoe ku kamba.