Semi-kastomu ya jina dogo: uzoefu wangu baada ya risasi 2,400

Kila nikiitoa hii bastola kwenye begi pale renji ya shabaha lazima aje mtu, anainama anasoma maandishi kwenye slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukipiga), ananiangalia, alafu anauliza "kaka, hii nayo ni ya nani?" Hajawahi kuisikia. Na simlaumu maana hata mi kabla ya kuinunua nilikuwa naisikia kwa mbali tu. Jina la karakana sitalitaja, ni watu wachache sana, mwenye karakana ndo fundi mkuu na ndo huyohuyo anapokea simu, na kuna lawama huko mbele ambazo sitaki zimfuate mtu.

Kwa ambao hawajaingia huku, semi-kastomu ni kitu cha katikati. Kuna bastola ya kiwandani, inatoka kwenye mstari na wenzake elfu, unaichukua kama ilivyo. Kuna kastomu kamili, fundi mmoja anakutengenezea wewe tu, na unaweza kusubiri mpaka ukasahau kama uliagiza. Semi-kastomu ina modeli zake za kawaida, ila unachagua mtutu, saiti za kulengea, uzito wa triga (kifyatulio), rangi, alafu fundi anakaa na tupa na msasa anazipatanisha sehemu kwa mkono. Majina yanayojulikana kwenye 1911, ile bastola ya zamani ya jeshi la Marekani ambayo hata yangu ni ya muundo huo, ni Wilson Combat, Les Baer, Ed Brown, Nighthawk, na Dan Wesson ambayo wengi wanaiweka ngazi moja chini kwa bei ila sio kwa ubora. Chini ya hao kuna karakana kibao ndogo ambazo watu hawazitaji, na yangu imetoka huko.

Sasa cha kwanza kuelewa ni kwamba karakana nyingi za hivi hazifui kila kitu zenyewe. Wananunua slaidi na fremu (mwili wa chini wenye mpini) kwa mtu mwingine, Caspian kwa mfano wanauza sana hizo, mtutu wanachukua Kart au Bar-Sto, vidude vya ndani vya EGW au hata vya Wilson mwenyewe, alafu kazi yao ni kuunganisha. Watu wakisikia hivyo wanasema ah kumbe wanaunganisha tu. Kwenye 1911 kuunganisha ndo kazi yenyewe bana! Hii bunduki aliibuni John Browning enzi ambazo mkono wa fundi ulikuwa rahisi na mashine ndo ghali. Jeshi la Marekani likaichukua mwaka 1911 na ikakaa mpaka 1985 ilipoingia Beretta, na katikati ya hapo wakati wa vita vya pili ilitengenezwa na viwanda tofauti kabisa, Remington Rand wa taipureta, hata Singer wa cherehani walitengeneza 500 (ukiipata moja ya hizo usinitafute mimi, tafuta mnada). Ili sehemu za kiwanda hiki ziingie kwenye bastola ya kiwanda kile ilibidi kila kitu kiachiwe nafasi, ndo maana zile za jeshi ukizitikisa zinalia. Mtu anayelipia semi-kastomu analipia kuondolewa hiyo plei bila bastola kuanza kukwama.

Yangu ni ya inchi 5, kaliba .45, fremu ya chuma, mtutu wa Kart. Niliambiwa miezi minne, ikaja miezi saba, na katikati hakuna aliyenipigia kunipa taarifa, kila mara mi ndo natafuta. Hiyo ni kasoro namba moja na siipunguzi. Ilipofika nikaikagua kwa taa kali. Slaidi kwenye fremu hamna mchezo kabisa, juu chini kushoto kulia, ila ukiivuta inateleza kama ina grisi na wala hamna sehemu inakwaruza. Mdomo wa mtutu na bushi (pete inayoushika) imebana kiasi kwamba mwanzoni nilihitaji spana kuigeuza. Grip sefti (ile ya nyuma ya mpini inayobonyezwa na kiganja) na mkia wake vimesagwa vikaungana na fremu, ukipitisha kidole hausikii mstari. Triga nimeipima mara kumi na kitu inacheza kwenye ratili 4 hivi, inakatika kama kijiti kikavu, na kurudi kwake ni kufupi mno. Kiukweli kwenye triga tu nimeshika bastola zenye jina kubwa ambazo hazifiki hapo.

Mapungufu ya macho yapo. Zile chekeringi (mikato ya kushikia isiteleze) za mbele ya mpini ni mistari 25 kwa inchi, zimekatwa kwa mkono na zimenyooka, ila karibu na kingo ya triga kuna mstari mmoja umepitiliza kama milimita moja, ukishauona hauachi kuuona. Rangi nyeusi ya slaidi na ya fremu haziko sawa kwenye jua. Na sefti ya dole gumba inapanda na kushuka kiulegevu, haina ule mlio mkali wa kukuambia imeingia, hiyo hainifurahishi hata kidogo kwa sababu ni kitu cha usalama.

Haya, tuje kwenye shida yenyewe.

Magazini ya kwanza, risasi ya tatu, slaidi haikufunga. Imebaki milimita tatu nne wazi, nikaisukuma kwa dole gumba ikaingia. Magazini ya pili mara mbili. Nikaambiwa na kila mtu pale, na mi mwenyewe nilishasoma hivyo mara mia, kwamba bastola iliyobana lazima uizoeshe kwanza kama injini mpya, piga 500 uone. Nikapiga. Nikamwaga mafuta mpaka yananirukia kwenye miwani. Nikabadilisha magazini nikaweka za Wilson, nikabadilisha aina ya risasi. Kufika 350 bado katika kila 50 kuna mbili au tatu zinagoma vilevile, pale pale, kwa milimita zile zile. Na hapo ndo nikaanza kuwaza kwamba kama ingekuwa ni kubana tu basi ingekuwa inapungua, sasa hii haipungui wala haiongezeki.

Ilikuwa eksitrakta. Kwenye 1911 kile kindoano kinachovuta ganda hakina springi yake, chenyewe ni ufito mrefu wa chuma umepinda kidogo na huo mpindo ndo springi. Ukilegea sana ganda linaanguka kabla ya kutupwa, ukikaza sana risasi inayopanda kutoka kwenye magazini inashindwa kujipenyeza chini ya ndoano, na slaidi inakwama nusu njia. Kupima ni rahisi. Unahakikisha bastola haina kitu, chemba tupu magazini nje, unaifungua unatoa slaidi unatoa na mtutu, unachukua risasi bandia unaipitisha chini ya ndoano kwa kidole. Inatakiwa iingie kwa kusukuma kidogo na ikae hata ukiitikisa polepole. Yangu ilibidi niisukume mpaka kucha ikauma. Yaani risasi 350 nimechoma kutibu ugonjwa ambao haukuwepo, na mtu aliyefunga hiyo bastola alipaswa kuupima huo ufito kwa sekunde kumi kabla ya kuifunga kwenye boksi, maana ile karatasi ya shabaha iliyokuja nayo ina matundu matano tu. Matano yanaonyesha mtutu unapiga wapi, hayaonyeshi kama bastola inafanya kazi.

Nikapiga simu, akapokea mwenyewe. Hakubishana. Hakuniambia endelea kuizoesha, hakuniuliza naishikaje (wale wa makampuni makubwa swali la kwanza ni kiganja chako, eti unaishika kilegevu). Akaniuliza inabaki wazi kiasi gani, nikamwambia, akacheka kidogo akasema leta, kosa langu. Kupeleka na kurudisha akalipa yeye, wiki tatu ikarudi na eksitrakta mpya, akaweka na ya akiba kwenye mfuko, akaongeza magazini mbili. Sefti ya dole gumba nilimwandikia pia, hiyo akasahau.

Tangu hapo nimepiga zaidi ya 2,000 na imegoma mara moja, risasi yenyewe ilikuwa mbovu, kiganda kimebonyea. Nikiwa nimeegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga yadi 25 inaweka tano ndani ya inchi mbili, siku nikiwa nimelala vizuri inashuka kidogo. Jamaa yangu ana Les Baer, na Baer ukilipa nyongeza wanakupa hakikisho la inchi 1.5 kwa yadi 50, kwa hiyo kwenye karatasi yake iko mbali mbele. Tulibadilishana siku nzima. Mikononi mwangu mi sikuona tofauti, yeye kwa yake anaona, na yeye ni mpigaji kuliko mimi. Kumaliza na kung'aa kwa Baer yake ni bora, hilo halina ubishi, hamna mstari uliopitiliza.

Sasa je, inastahili pesa? Niliilipia kama theluthi mbili ya zile zenye majina makubwa, na kwa upande wa chuma na masaa ya mkono nadhani nimepata zaidi ya hiyo theluthi mbili. Ndani hamna vile vipande vya MIM, yaani unga wa chuma unaosukumwa kwenye kalibu alafu unachomwa, nyundo na sia (kipande kinachoizuia nyundo mpaka uvute triga) ni za chuma cha kuchongwa. (MIM sio sumu kama watu wanavyosema, iliyotengenezwa vizuri inadumu, ila kwa bei hii sikutaka.) Ila siku ukitaka kuiuza ndo utajua maana ya jina. Niliulizia mara moja, kwa udadisi tu, muuzaji akaisifia triga, akaisifia slaidi, alafu akataja hela ambayo haifiki nusu. Nikamwambia umeisifia mwenyewe sasa hivi, akasema mi nimeisifia, mteja wangu ataiuliza ni ya nani. Wilson wangeshuka lakini sio hivyo. Na kuna hofu nyingine, yule mzee akifunga karakana kesho ile ahadi ya kutengeneza maisha yote anaenda nayo, ingawa angalau sehemu zote ni za 1911 ya kawaida na fundi yeyote anayeijua 1911 ataigusa bila shida.

Kwa mtu anayetaka bastola yake ya kwanza ya aina hii na hajui kufungua slaidi mwenyewe, mi ningemwambia achukue Dan Wesson alale usingizi. Anayejua kupima eksitrakta na hana mpango wa kuuza aangalie hizi za majina madogo, ila kabla hajatuma hela apige simu aone nani anapokea. Yangu nimeamua siiuzi. Wiki ijayo inarudi kwa mzee kwa ajili ya ile sefti, nimemwandikia karatasi nimeifunga na ufito wa plastiki kwenye triga gadi asiseme hakuiona.