Ununue PS (PlayStation) gani Dodoma? Mpangilio wangu, kuanzia ya kwanza hadi ya kuachana nayo

Wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wananiuliza, wazazi wa mitaa ya Kisasa na Ilazo wananiuliza: ninunue PS gani? Nami huwauliza kwanza, gemu zenyewe utazipata vipi? Kwa mazingira yetu hilo lina uzito kuliko ubora wa picha au kasi ya prosesa. Mashine inayokula CD inakufungulia soko zima la mtumba: unanunua gemu, unaimaliza, unaiuza au unabadilishana na mwenzako, unachukua nyingine. Isiyokula CD inakuweka chini ya bando, na gemu kubwa za siku hizi nyingi zinaanzia GB 50, nyingine zinapita 100, kabla hujashika pedi ya kuchezea.

Baada ya hapo naangalia vumbi na umeme. Anayeishi Nkuhungu au Nzuguni anajua upepo wa kiangazi unavyofanya kazi: asubuhi umefuta meza, jioni unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Feni ya mashine inavuta vumbi hilohilo saa zote inapowaka. Na umeme ukikatika wakati gemu inasevu, unaweza kuwasha tena ukakuta sevu imeharibika.

Niseme pia ninakosimama. Mpira naucheza, lakini mashine nainunua kwa ajili ya gemu za hadithi. Nimekua na series za mazombi, mazimwi na safari za anga, zile za kunakiliwa kwenye flashi, na kwangu gemu nzuri ya hadithi ni ndugu wa damu wa series nzuri. Kwa hiyo mpangilio huu unaipa alama nyingi mashine yenye hadithi bora kwa fedha nafuu.

1. PS4 Slim

PS4 ilitoka Novemba 2013, Slim ikafuata Septemba 2016, na hadi leo ndiyo ninayomwambia mtu anunue kwanza. CD zake ni nyingi kwa sababu waliohamia PS5 wanaziuza. Mpira haujaikimbia: EA Sports FC 26, ya mwaka 2025, imetoka hadi kwa PS4, na eFootball ya Konami inapatikana bure.

Hazina yake hasa ni hadithi. Mwaka 2018 peke yake uliipa PS4 God of War mpya, Spider-Man na Red Dead Redemption 2. Mwaka 2020 zikaja The Last of Us Part II na Ghost of Tsushima. Sijaona kipindi kingine ambacho mashine moja ilipata gemu za uzito huo kwa mfululizo. Aliyemjua Kratos, mhusika mkuu wa God of War, kwenye PS2 mwaka 2005 anamkumbuka kama mtu wa hasira tupu, anaua miungu na kusonga mbele. Kwenye gemu ya 2018 ni baba anayemfundisha mwanawe kuwinda, hajui hata amshike vipi begani. Nimecheza zote mbili, na sioni mhusika mwingine wa gemu aliyekuzwa vizuri kiasi hicho. Gemu ile ya 2018 peke yake inatosha kuwa sababu ya kununua PS4.

Ukinunua CD za mtumba, fungua kasha pale pale dukani. Red Dead Redemption 2 ya PS4 ina diski mbili: moja ya kusakinishia data, nyingine ya kuchezea. The Last of Us Part II nayo ni hivyohivyo. Ukipewa moja tu umenunua kasha. Igeuze diski, iangalie kwenye mwanga wa mlangoni. Mikwaruzo midogo ya nywele haina neno, lakini mkwaruzo unaozunguka duara kama njia ya sindano ya santuri uachie hapo hapo.

Kwa nini Slim na si ile nene ya kwanza au Pro? Ile nene imeshakaa miaka mingi na nyingi zimefunguliwa na mafundi. Pro ina nguvu zaidi, lakini inakula umeme zaidi na inapata joto zaidi. Kama TV yako si ya 4K, huoni faida inayolingana na gharama. Slim inatumia umeme mdogo, na hilo kwenye LUKU utaliona.

Chukua ya GB 500 bila hofu. Gemu zote za PS4 husakinishwa kwenye hard disk hata kama una CD, kwa hiyo nafasi itaisha, lakini PS4 inakubali hard disk ya nje ya USB 3.0 kuanzia GB 250 hadi TB 8. Hard disk ya ndani nayo inabadilishwa kirahisi: kona ya nyuma kuna kifuniko kidogo na skrubu moja.

Utakutana na zilizochipiwa, yaani zilizochezewa mfumo ili zikubali gemu za kunakili, zimejazwa gemu kumi na tano ndani, na muuzaji atakwambia hutanunua CD tena. Mimi sizipendekezi. Mashine hiyo lazima ibaki kwenye toleo la zamani la mfumo, huiapdeti, huchezi mtandaoni na wenzako, na gemu mpya zinazodai mfumo mpya zinakupita. Na mtoto aliyepewa gemu kumi na tano siku moja hamalizi hata moja. Hadithi inataka mtu akae nayo.

Kidogo kuhusu series zilizotokana na gemu

Wengi sasa wanaijua gemu kupitia TV, wanakuja kutafuta mashine ya kuichezea. Hilo limebadilika sana. Zamani ukisikia gemu imefanyiwa filamu ulijua ni vurugu. Leo hali ni nyingine, na maoni yangu ni haya.

The Last of Us ilitoka PS3 mwaka 2013, ikaboreshwa kwa PS4 mwaka 2014, series ya HBO ikaanza Januari 2023. Series ni nzuri kweli, Pedro Pascal na Bella Ramsey wamefanya kazi. Lakini cheza kwanza. Kwenye gemu, ugonjwa unaogeuza watu kuwa mazombi unasambaa pia kwa vumbi la kuvu hewani, wahusika wanavaa barakoa, na unaingia chumba chenye giza ukisikia pumzi za Joel, mtu unayemchezesha, ndani ya barakoa. Msimu wa kwanza wa series uliliondoa hilo vumbi, na hofu ile ikapungua. Pia kwenye gemu ni wewe unayebonyeza kitufe mwishoni kule hospitalini. Hakuna series inayoweza kukupa mzigo huo.

Fallout, ya Prime Video mwaka 2024, ilichagua njia ambayo naiona bora kuliko zote: haikurudia gemu yoyote, ilichukua dunia yake ikatunga watu wapya. Ukitazama kisha ukacheza Fallout 4 kwenye PS4, hakuna kinachoharibika. Arcane ni hivyohivyo, na misimu yake miwili, 2021 na 2024, naiweka juu ya zote kwa uandishi. Aliyeitazama bila kujua lolote kuhusu League of Legends, gemu iliyoizaa, hakupungukiwa na kitu. Halo ndiyo iliyonivunja moyo. Master Chief, shujaa wake, ni mtu ambaye gemu zimemficha uso miaka yote, series ikamvua kofia kwenye kipindi cha kwanza kabisa. Ilifutwa mwaka 2024 baada ya misimu miwili.

Na kwa wale wa flashi: PS4 inacheza faili za MKV na MP4 kupitia programu yake ya Media Player, mradi flashi iwe imefomatiwa kwa exFAT au FAT32. Ikiwa NTFS haitaiona, na si kwamba flashi ni mbovu. Mwambie kijana wa laibrari ya kunakili series aifomati kabla hajakunakilia.

2. PS5 yenye sehemu ya CD

Fedha ikiwepo, nenda hapa, ila uwe macho na neno Digital kwenye boksi. PS5 ya kwanza ya Novemba 2020 ilikuja kwa aina mbili, na ile ya Digital haina pa kuingizia CD milele. Toleo jembamba la mwishoni mwa 2023 linaruhusu kununua sehemu ya CD kando na kuibandika, lakini mara ya kwanza lazima uwe na intaneti ili mashine iitambue, na ukijumlisha gharama unajikuta ungenunua kamili tangu mwanzo.

Kinachoipa nafasi ya pili ni kwamba inakula CD za PS4. Ukianza na PS4 leo, ukakusanya CD zako, siku ukihama unahama nazo. Halafu, kwa vumbi letu, imeundwa vizuri: vifuniko vya pembeni vinavuliwa kwa mkono bila bisibisi, na ndani kuna matundu mawili ya kukusanya vumbi ambayo unayanyonya kwa mashine ya kufyonza. Hakuna PS nyingine inayosafishika nyumbani hivyo.

Anayemsubiria GTA VI ajue imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu, PS4 haimo. Kama hiyo ndiyo gemu ya moyo wako, jibane ununue PS5 moja kwa moja usipitie PS4.

3. PS3 Slim

Kwa mwenye bajeti ndogo, au mzazi anayetaka watoto wacheze mpira sebuleni bila kuumiza mfuko. Bei yake ya mtumba iko chini sana ya PS4. Ina The Last of Us ya awali, ina GTA V ya 2013, ina hadithi za kukutosha mwaka mzima. Mpira uliishia PES 2018 na FIFA 19, kwa hiyo vikosi ni vya zamani, ingawa mafundi wengi huweka vikosi vipya kwenye zilizochipiwa.

Kuna jambo la kushika. PS3 ya mwisho, Super Slim ya 2012, ina mfuniko wa kusukuma juu, na ukiufungua lenzi iko wazi kabisa. Kwa Dodoma hiyo ni kasoro kubwa; vumbi linaangukia lenzi moja kwa moja na CD zinaanza kugoma. Tafuta Slim ya 2009 hadi 2011, ile inayomeza CD kwa mbele. CD za PS3 hazichezi kwenye PS4, kwa hiyo usizilundike ukitegemea kuhama nazo. Flashi kwa PS3 iwe FAT32, faili lisizidi GB 4, na MKV haiitambui.

Zinazobaki

Nintendo Switch, ya Machi 2017, naipenda sana kwa sababu umeme ukikatika inaendelea kwa betri, na Zelda yake ni safari ya pekee. Lakini hapa mjini huna wa kubadilishana naye gemu, na kasha moja jipya ni ghali. Epuka Switch Lite kama unataka kuchezea kwenye TV, haiungani. Xbox Series S ni nafuu na ina kasi, ila haina sehemu ya CD. Inamfaa mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo tu. PS2 imebaki mashine ya kumbukumbu na ya vibanda vya gemu: GTA San Andreas ya 2004 bado inanoga, lakini uzalishaji uliisha 2013 na lenzi nzima ni za kutafuta. Nyingi zilizotoka Japani ni za umeme mdogo, ukiichomeka ya aina hiyo kwenye volti zetu 230 bila transfoma inaweza kuungua.

Za kuachana nazo ni Xbox 360, ambayo duka lake la mtandaoni lilifungwa Julai 2024 na ugonjwa wake wa taa tatu nyekundu unajulikana dunia nzima, pamoja na zile fimbo za HDMI zinazoandikwa gemu maelfu kwa maelfu. Gemu zenyewe ni za miaka ya themanini na tisini, nyingine zimerudiwa kwa majina tofauti, na pedi zake huchelewa kuitikia.

Ukiwa dukani

Usinunue mashine iliyowashwa dakika mbili ukaoneshwa menyu. Nenda na CD yako, gemu nzito, uicheze nusu saa. Feni ikianza kupiga kelele mapema, ndani kuna vumbi au pesti ya kupoza prosesa imekauka. Hilo fundi analitibu, lakini ndiyo sababu yako ya kupunguziwa bei. Mashine ikizima yenyewe, ondoka. Toa na kuingiza CD mara kadhaa, sikiliza kama inakwama. Washa hotspoti ya simu yako, ingia kwenye akaunti, uhakikishe mashine haijafungiwa mtandaoni, kisha mwambie muuzaji aifute kabisa akaunti ya mwenye nayo wa zamani mbele yako.

Pedi ipime peke yake. Bandia za PS4 zimejaa: bonyeza kile kibao cha katikati cha kugusa, chomeka hedifoni kwenye pedi, sikiliza spika yake ndogo. Nyingi za bandia hushindwa kimojawapo. Halafu acha analogi (vijiti vya kuongozea) bila kuigusa ndani ya gemu. Mtu akitembea mwenyewe, dai pedi nyingine.

Soma kibandiko cha chini, kioneshe mashine inakubali 220–240V. Nunua kilinda umeme siku hiyohiyo. Ukiagiza kutoka Kariakoo kwa basi au treni, omba video ya mashine ikicheza huku namba ya mfululizo (serial number) ya kibandiko ikionekana, na namba hiyo iandikwe kwenye risiti kabla hujatuma fedha.