Feni ya kuchaji katika joto la Pakwach

Aliyezoea usiku wa Kampala, mji ulio takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hawezi kukisia tunavyolala Pakwach, ukingoni mwa Mto Nile, ambako mwinuko ni karibu nusu ya huo na ambako, kati ya Desemba na Machi, nyumba ya mabati isiyo na dari hubaki na joto la mchana hata baada ya saa sita usiku. Ndiyo maana mwezi wa Januari nilitoa shilingi 260,000 katika duka moja mjini Arua, nikanunua feni ya kuchaji ya kusimama, ya inchi 16, yenye taa ndogo na tundu la kuunganishia paneli ya sola.

"Mwalimu, hii utalala nayo mpaka asubuhi," aliniambia muuzaji. Kauli hiyo ina ukweli, ila ni ukweli wenye masharti. Betri yake ni ya asidi, ya volti 12 na ampea-saa 7 (kipimo cha chaji inayoweza kuhifadhi), nami niliipima siku umeme ulipokatika: kwa kasi ya namba tatu, niliiwasha saa nne usiku ikazima kabla ya saa nane, kwa namba moja, ilinifikisha alfajiri. Dukani, bila shaka, mteja huonyeshwa namba tatu.

Je, namba moja inatosha? Feni haipoozi hewa ya chumbani; inachofanya ni kuharakisha kukauka kwa jasho, na jasho likikauka huondoka na joto la mwili. Upepo usiofika kwenye ngozi ni kelele tu, na hapo ndipo chandarua, ambacho kwa malaria ya huku hakuna mwenye akili atakayekiacha, kinapoleta taabu, kwa kuwa kinapunguza sana upepo unaopita. Wiki ya kwanza niliiweka feni mlangoni, nikaamka nimelowa. Nilipoisogeza hadi miguuni pa kitanda, kwa kimo cha godoro, na kubadilisha chandarua cha duara kwa cha pembe nne kisichonigusa mwilini, namba moja ilianza kunifaa. Usiku ukikolea na nje kukawa na ubaridi kuliko ndani, huiweka feni mbele ya dirisha, lenye wavu wa mbu, ikielekea ndani, ili ivute hewa ya nje.

Kasoro zake si ndogo. Kizuizi cha mapanga kilikuwa kikitetemeka na kulia, mpaka nilipokifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Garantii ya miezi sita iliyoandikwa kwa mkono kwenye risiti haihusu betri, yaani kile hasa kinachotangulia kufa. Baada ya wiki kumi, namba tatu haidumu tena hata kwa muda wa saa tatu, ingawa hapo nina lawama yangu pia: nilisafiri nikaiacha ikiwa tupu, na betri ya asidi ikikaa bila chaji huharibika upesi.

Kwa mwenye umeme usiokatika ningemshauri anunue feni ya kawaida na kubaki na fedha yake. Kwa sisi ambao umeme hutuaga saa tatu usiku bila kusema utarudi lini, hii inafaa, mradi mnunuzi aombe kusikia upepo wake ikiwa namba moja, akiwa ameketi umbali wa hatua mbili, kabla ya kutoa hela.