Koti la skii la mtumba, kutoka Ngamiani hadi Kibo

Ukitembea Tanga na koti la skii mkononi, utaulizwa unakwenda Ulaya lini. Mimi nilikuwa nakwenda Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Nililipata kwenye mitumba Ngamiani, chini kabisa ya rundo. Makoti manene hugombewa na watu wa Lushoto. Haya membamba yasiyo na pamba ndani hubaki yakikanyagwa. Muuzaji alianza na 40,000. "Dada yangu, hili la barafu kweli kweli." Tukavutana hadi 25,000.

Wembamba wenyewe ndio uzuri wake. Makoti ya aina hii hushonewa watu wanaovuka milima mirefu kwa skii, zile mbao za kuteleza kwenye theluji, majira ya machipuko, mathalani ile njia ya Chamonix hadi Zermatt inayopita juu ya barafu za kudumu. Huko porini hakuna lifti za kuwapandisha mlimani. Wanabandika chini ya skii zao vitambaa vyenye manyoya yanayozuia kurudi nyuma, wanapanda saa nyingi jasho likiwatoka, kisha wanateremka upepo ukiwachapa. Ndiyo maana koti lina zipu ndefu makwapani: unapopanda unafungua, ukisimama unafunga.

Mvua ilitukuta msituni, juu kidogo ya lango la Machame. Mabegani maji yaliteleza vizuri, ila chini ya mikanda ya begi yalipenya, maana dawa ya kuzuia maji imeshachakaa hapo. Ukinunua, geuza koti uangalie mishono kwa ndani. Utepe uliobandikwa juu yake ukiwa umeanza kubanduka, liache hata kwa buku tano.

Usiku wa kileleni tulitoka kambi ya Barafu, mita 4,673, karibu saa sita. Ndani nilivaa fulana ya sufu, sweta na kikoti cha manyoya ya bata. Bila hivyo koti hili peke yake lingeniua. Zipu za makwapa nilizifungua njia nzima hadi Stella Point, mita 5,756, nikafika mgongo mkavu, wakati mwenzangu mwenye koti la pamba alikuwa amelowa jasho na anatetemeka. Pale upepo ulikuwa mkali. Nikafunga kila kitu hadi puani. Kofia yake imekatwa kuvaliwa juu ya helmeti, kwa hiyo ilinifunika macho mpaka nilipokaza kamba ya kisogoni. Simu niliiweka mfuko wa ndani, karibu na mwili, na nilipofika kilele cha Uhuru, mita 5,895, ilikuwa bado na chaji ya kupigia picha ile barafu inayoonekana kushoto ukitokea Stella.

Koti lina vitu ambavyo mlimani kwetu havina kazi: kimfuko cha tiketi ya lifti mkononi, na kipande kidogo kisicho na betri kinachorudisha mawimbi ya waokoaji mtu akifukiwa na poromoko la theluji. Mkanda wa kiunoni wa kuzuia theluji, lakini, ulinisaidia sana kuteremka. Lile vumbi la changarawe lingeingia hadi kifuani.

Lifue kwa sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, maana huziba kitambaa kikashindwa kupumua, na ulianike kivulini. Kama unapanda mara moja tu na huna muda wa kupekua marundo, kodi Moshi. Na huko pia ligeuze kwanza uone mishono.